Siri ya mshahara inamlinda nani?

Tarehe 7 Juni 2026 ndiyo siku ya mwisho ambayo nchi 27 wanachama wa Umoja wa Ulaya zilipewa kuingiza kwenye sheria zao agizo la uwazi wa mishahara lililopitishwa mwaka 2023. Habari hiyo imetufikia Afrika Mashariki ikiwa imepinda. Inasimuliwa kana kwamba Ulaya imeamua mshahara wa kila mtu ubandikwe ukutani, jirani asome, mkwe asome, na mwenzako wa meza ya pili asome. Wanaoisikia hivyo wanashtuka, na wana haki ya kushtuka.

Agizo lenyewe linasema jambo lingine. Mwajiri anatakiwa amweleze mwombaji kazi kiwango cha mshahara wa nafasi anayoomba, ama kwenye tangazo ama kabla ya usaili, na hana ruhusa ya kumuuliza alikuwa akilipwa kiasi gani alikotoka. Aliyeko kazini anapata haki ya kuuliza wastani wa malipo ya wanaofanya kazi kama yake au kazi yenye thamani sawa na yake, wanaume kwa upande wao na wanawake kwa upande wao. Waajiri wenye wafanyakazi 100 na kuendelea watatoa taarifa ya tofauti ya malipo kati ya jinsia hizo mbili. Tofauti ikifika asilimia 5 bila sababu ya msingi, na mwajiri asiirekebishe ndani ya miezi sita, atalazimika kukaa na wawakilishi wa wafanyakazi waichunguze pamoja. Hakuna popote panapotaka jina la mtu lisomwe pamoja na mshahara wake. Kinachowekwa wazi ni bei ya kazi.

Kuisoma vibaya habari hii si kosa dogo, kwa sababu kunaonyesha tunavyochanganya siri mbili. Ipo siri ya kipato cha mtu mbele ya ndugu, majirani na marafiki. Ipo pia siri ya malipo ya kazi mbele ya watu wanaoifanya kazi hiyo hiyo. Ya kwanza ina sababu nzito na sioni kwa nini tuivunje. Ya pili inamfaa mwajiri peke yake, na imedumu miaka yote hii kwa kujificha nyuma ya ile ya kwanza.

Nianze na ile yenye haki. Mtu mwenye mshahara katika familia nyingi za kwetu hana mshahara wake peke yake. Kuna ada ya mtoto wa dada, dawa za mama, bati la nyumba ya kijijini, msiba wa upande wa baba, na harusi ambayo kadi yake ya mchango imefika kabla hujakumbuka bwana harusi ni nani. Kwenye kundi la michango orodha inarushwa kila jioni: jina, ahadi, kiasi kilicholipwa, kiasi kilichobaki. Yaani tumeshazoea kutangaza hadharani mtu anatoa nini, na watu wanapima kutoka hapo anapata nini. Mwenye kujulikana kwamba analipwa milioni tatu haruhusiwi kuahidi elfu hamsini. Wachumi Pamela Jakiela na Owen Ozier walilipima jambo hili katika vijiji vya magharibi mwa Kenya, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2016. Washiriki walipewa fedha wachague kiasi cha kuwekeza na kiasi cha kubaki nacho. Wanawake waliojua kwamba uwekezaji wao ungeonekana na ndugu zao walichagua njia yenye faida ndogo zaidi ili ndugu wasijue walichonacho mkononi, na wapo waliokuwa tayari kulipa ili matokeo yao yasitangazwe. Binadamu anayekubali kupoteza fedha ili afiche fedha ana sababu. Siwezi kumwita mchoyo. Mara nyingi ni mtu anayejaribu kubakiza akiba ya kufungulia genge au kulipia chuo, na anajua kwamba hapana ya mdomoni ina gharama kubwa kuliko siri.

Norway ilikwenda mbali kuliko agizo la Umoja wa Ulaya, ingawa yenyewe si mwanachama, na huenda ndiko picha ya mishahara kubandikwa ukutani ilikotoka. Kumbukumbu za kodi za raia wake ni za wazi tangu zamani, lakini aliyetaka kuziona alilazimika kwenda ofisini na kuuliza. Mwaka 2001 vyombo vya habari viliziweka kwenye intaneti, na watu wakaanza kupekua kipato cha jirani, cha bosi, cha mpenzi wa zamani. Mwanauchumi Ricardo Perez-Truglia alifuatilia yaliyowapata. Pengo la furaha kati ya wenye kipato kikubwa na wenye kipato kidogo lilipanuka kwa asilimia 29: wa juu walijisikia vizuri zaidi, wa chini vibaya zaidi, na hakuna aliyekuwa amepandishwa wala kushushwa mshahara. Mwaka 2014 serikali ikabadili utaratibu ili anayepekuliwa aweze kuona nani amempekua. Upekuzi ukashuka kwa zaidi ya asilimia 80. Kwa maana hiyo wengi hawakuwa na hoja ya haki wanayoitafuta, walikuwa wanachungulia. Uwazi wa namna hiyo sioni faida yake kwetu, na kwenye jamii yenye michango kama yetu madhara yake yangezidi ya Norway.

Sasa tuingie kazini. Niliwahi kusaini mkataba wenye kipengele kinachosema mshahara wangu ni siri kati yangu na mwajiri, na kuutaja kwa mwenzangu ni kosa la kinidhamu. Niliusaini bila kuuliza, kama wengi wanavyosaini, kwa sababu maneno yake yalifanana na adabu tuliyolelewa nayo. Lakini nani hasa anayefichwa? Mwajiri anajua mshahara wa kila mtu ndani ya jengo. Kampuni kubwa zinanunua pia tafiti za mishahara ya soko, kwa hiyo zinajua hata wanacholipa washindani wao. Mwombaji anaambiwa kwenye tangazo ataje mshahara wa sasa na anaoutarajia, naye anajibu akiwa hajui nafasi yenyewe imetengewa kiasi gani. Akitaja kidogo, amejiumiza kwa miaka yote atakayokaa hapo, maana nyongeza zote zitahesabiwa kutoka kwenye kile kidogo. Katika mazungumzo haya yote upande mmoja tu ndio ulioko gizani.

Lilly Ledbetter alifanya kazi kwenye kiwanda cha matairi cha Goodyear katika mji wa Gadsden, Alabama, kuanzia mwaka 1979. Alikuwa msimamizi. Karibu na mwisho wa utumishi wake mtu asiyejulikana alimwachia kikaratasi chenye mishahara ya wasimamizi wenzake wanaume. Yeye alikuwa akipata dola 3,727 kwa mwezi. Mwanaume aliyelipwa kidogo kuliko wote katika kundi hilo alipata dola 4,286. Alishtaki. Mwaka 2007 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura tano dhidi ya nne, ikaamua kwamba amechelewa: alitakiwa alalamike ndani ya siku 180 tangu uamuzi wa kumlipa pungufu ulipofanyika, uamuzi ambao hakuwa na njia ya kuujua. Bunge lilibadili sheria, na Rais Obama akaitia saini Januari 2009 ikiwa na jina la mama huyo, ingawa yeye mwenyewe hakupata senti ya kesi ile. Karibu miaka ishirini ya mshahara pungufu, na baadaye pensheni pungufu iliyohesabiwa kutokana na mshahara huo, vilikaa salama chini ya siri ambayo kila mtu kiwandani aliiona ya kawaida.

Hoja ya kwanza dhidi ya uwazi ni ya wivu. Watu wakijua, wanasema, ofisi itavunjika. Siidharau hoja hii kwa sababu ina ushahidi. Mwaka 2008 gazeti la Sacramento Bee liliweka kwenye tovuti yake mishahara ya watumishi wa jimbo la California, wakiwemo wa vyuo vikuu vya umma. Wachumi wanne, David Card akiwa mmoja wao, waliwajulisha baadhi ya wafanyakazi wa Chuo Kikuu cha California kwamba tovuti hiyo ipo, kisha wakawauliza hali zao. Waliogundua kwamba wako chini ya wenzao wa idara moja waliridhika kidogo zaidi na kazi yao, na uwezekano wao wa kutafuta kazi nyingine ukaongezeka. Waliogundua kwamba wako juu hawakupata furaha yoyote ya ziada. Maumivu yana mwelekeo mmoja. Ukijua unamzidi mwenzako unaona ni sawa tu, ulistahili. Ukijua amekuzidi, unakwenda nyumbani na jambo kifuani.

Lakini wivu ni jina tunalolitumia haraka mno. Zoë Cullen na huyo huyo Perez-Truglia walifanya utafiti kwenye benki kubwa ya biashara barani Asia na wakakuta kitu ambacho hoja ya wivu haiwezi kukieleza. Wafanyakazi waliogundua kwamba mabosi wao wanalipwa zaidi ya walivyodhani waliongeza juhudi. Waliogundua kwamba wenzao wa ngazi moja wanalipwa zaidi ya walivyodhani walilegea. Kama tatizo lingekuwa kuona mtu amepata kingi, mshahara wa bosi ndio ungeuma kuliko wote. Haukuuma, kwa sababu una maelezo: ana cheo, ana dhamana, na mimi naweza kufika hapo. Wa mwenzangu wa meza ya pili hauna maelezo, na kila maelezo ninayoyabuni mwenyewe usiku ni mabaya: ni wa kwao, anajipendekeza, mimi sithaminiwi. Anachokosa mtu huyu ni sababu, na siri ndiyo inayomruhusu mwajiri asiwe nayo.

Tazama walimu wa serikali. Mwalimu wa Tanzania anajua ngazi ya mwenzake kwa herufi, TGTS C, D au E, na akitaka anajua mshahara unaoendana nayo hadi shilingi ya mwisho. Waraka unatoka, unasomwa, unapigwa picha, unasambaa. Vyumba vya walimu havijawaka moto kwa sababu hiyo. Manung'uniko yapo, na makali, lakini yana anwani: nimecheleweshwa kupanda daraja, malimbikizo yangu hayajalipwa, wenzangu tulioajiriwa pamoja wameshapanda. Hayo ni madai ambayo chama cha walimu kinaweza kuyabeba na ofisi ya mkurugenzi ikalazimika kuyajibu. Mfanyakazi wa kampuni binafsi anayehisi tu kwamba anaonewa hana pa kuanzia. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamtaka kila mwajiri Tanzania ahakikishe wanawake na wanaume wanalipwa sawa kwa kazi yenye thamani sawa, na Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 5, inasema vivyo hivyo. Haki imeandikwa. Lakini huwezi kwenda mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi na hisia. Unahitaji namba, na namba ndiyo iliyopigwa marufuku kwenye mkataba wako.

Ipo hoja nyingine isiyosikika sana mitaani, nayo ndiyo ngumu. Mwajiri akijua kwamba nyongeza atakayompa mmoja itajulikana na kudaiwa na wote, atakuwa mgumu kumpa huyo mmoja. Denmark iliweka mwaka 2006 sheria ya kutoa takwimu za mishahara kwa jinsia, na pengo la wanaume na wanawake likapungua, lakini kwa sehemu kubwa ni kwa sababu mishahara ya wanaume ilipanda polepole. Marekani nako, katika majimbo yaliyowalinda kisheria wafanyakazi wanaojadili mishahara yao, Cullen na Bobak Pakzad-Hurson walikuta mishahara imeshuka kwa takriban asilimia 2. Hii si hofu ya kubuni. Ila athari hiyo ilikuwa ndogo mahali ambapo wafanyakazi walijadiliana kupitia chama, na mantiki yake inaonekana: ambapo wote wanadai pamoja, mwajiri hana mmoja wa kumnyima kwa kisingizio cha wengine. Kwa hiyo uwazi bila chama cha wafanyakazi ni nusu ya dawa, na nchi ambazo wengi wa waajiriwa wa sekta binafsi hawana mkataba wa hali bora za kazi, ule ambao chama husaini na mwajiri kwa niaba ya wote, zinapaswa kulijua hilo kabla ya kunakili sheria ya mtu.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayopendwa na wengi: kila mtu ale kwa ujanja wake, aliyejua kujadiliana amejadiliana. Carrie Gracie alikuwa mwandishi wa habari wa BBC mwenye uzoefu wa miongo. Alipokubali nafasi ya mhariri wa China mwaka 2013 alidai alipwe sawa na wahariri wanaume wa nafasi kama yake, na aliamini amekubaliwa. Julai 2017 shirika hilo lilipolazimika kutangaza majina ya wanaolipwa zaidi ya pauni 150,000, aliona wahariri wenzake wawili wanaume kwenye orodha na jina lake halimo. Alijiuzulu wadhifa huo Januari 2018. Miezi michache baadaye shirika likamwomba radhi na kumlipa malimbikizo, ambayo aliyatoa yote kwa shirika linalotetea haki za wanawake. Huyu hakukosa ujanja. Alijadiliana, tena kwa hoja sahihi, na bado alilipwa pungufu kwa miaka minne kwa sababu hakuwa na namna ya kuhakiki. Kama mtu wa kiwango chake hakuweza, mhasibu kijana wa Kariakoo au mhudumu wa hoteli ya Nungwi ataweza vipi?

Historia yetu wenyewe ina somo hapa. Utumishi wa serikali za kikoloni Afrika Mashariki ulikuwa na kanuni iliyomlipa asiye Mzungu sehemu tatu kati ya tano za mshahara wa Mzungu kwa kazi ile ile. Ulikuwa uonevu ulioandikwa kwenye kanuni, ukijulikana na kila karani. Na kwa sababu uliandikwa, vyama vya watumishi viliushambulia kwa jina lake hadi Tume ya Lidbury ya mwaka 1954 ikapendekeza uondolewe. Nawaza mara nyingi ofisi za leo ambamo mtaalamu mgeni na mtaalamu mwenyeji wanabeba mradi mmoja kwa malipo yanayopishana mara kadhaa. Pengo lipo na kila mtu analihisi, lakini halina kanuni iliyoandikwa mtu akainyooshea kidole, na ndiyo maana halijadiliwi isipokuwa kwa kunong'ona.

Dada zetu walioko Ghuba wamekutana na jambo hili kwa sura nyingine. Serikali ya Ufilipino iliweka mwaka 2006 kima cha chini cha dola 400 kwa mwezi kwa mfanyakazi wake wa ndani anayekwenda ng'ambo. Namba hiyo ilijulikana na mawakala, waajiri na wafanyakazi wenyewe. Msichana wa Kenya, Uganda au Tanzania anayefika Riyadh au Muscat hugundua jikoni kwamba Mfilipino wa nyumba ya jirani anapokea zaidi kwa deki na mapishi yale yale. Inamuuma, lakini maumivu hayo yamempa swali la kuiuliza serikali yake, ambalo asingekuwa nalo kama asingejua.

Bado lipo eneo moja ambalo kwetu ni zito kuliko Ulaya, nalo ni posho. Tanzania tunajua kima cha chini cha mshahara wa umma kilipanda Julai 2025 kutoka Sh370,000 hadi Sh500,000. Tunakumbuka Rais Magufuli alivyoutaja hadharani mwaka 2017 mshahara wake wa Sh9 milioni. Lakini mshahara wa mtumishi hausemi anachopata. Watumishi wawili wa daraja moja, mmoja yuko idara yenye miradi, semina na safari za kila wiki, mwingine yuko masjala. Kwenye karatasi wako sawa, kwenye maisha wako mbali. Mwaka 2011 umma ulipojua kwamba posho ya kikao ya wabunge inapandishwa kutoka Sh70,000 hadi Sh200,000 kwa siku, hasira ilikuwa kubwa kuliko ambayo mshahara wao umewahi kuileta, na mbunge wa upinzani Zitto Kabwe, aliyekuwa ameikataa posho hiyo, akasikilizwa hata na wasiokuwa wa chama chake. Kenya wana Tume ya Mishahara na Marupurupu inayochapisha viwango kwenye Gazeti rasmi la Serikali. Ndiyo maana Julai 2024, katikati ya maandamano ya vijana, nyongeza za viongozi zilionekana na zikasitishwa. Na huko huko Kenya vita ya miaka yote kati ya tume hiyo na wabunge imekuwa juu ya marupurupu zaidi ya mshahara wenyewe. Ukiangaza taa kwenye mshahara peke yake, ukosefu wa usawa unahamia kwenye posho, ambako hakuna daraja wala waraka unaosomwa na wote. Waandishi wa agizo la Ulaya waliliona hilo: malipo, kwa tafsiri yao, ni mshahara na kila kinachotolewa juu yake, kwa fedha au kwa kitu.

Kwa hiyo sheria ya kwetu haihitaji kugusa jina la mtu wala kumpa binamu namba ya kuombea mchango. Inahitaji mambo machache. Tangazo la kazi litaje kiwango, kuanzia kiasi gani hadi kiasi gani, badala ya "mshahara mnono". Mwajiri asiulize mshahara wa zamani, kwa sababu swali hilo linambeba mtu na uonevu wa ofisi aliyotoka. Kipengele cha kumfunga mfanyakazi mdomo kuhusu malipo yake mwenyewe kikose nguvu, na anayetaka kunyamaza anyamaze kwa hiari yake. Kampuni yenye ukubwa fulani iwe na ngazi za mishahara na posho zilizoandikwa, na mfanyakazi awe na haki ya kuzisoma na kuambiwa kwa nini yuko ngazi aliyopo.

Tanzania haihitaji hata chombo kipya. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 ilishaunda bodi za mishahara zinazomshauri waziri, na amri ya mshahara iliyoanza kutumika Januari 2026, iliyopandisha kima cha chini cha sekta binafsi kwa wastani wa asilimia 33.4, imepita njia hiyo hiyo. Amri hiyo inataja sakafu ya kila sekta na inaishia hapo. Kila kilicho juu ya sakafu kimebaki gizani, na huko ndiko waliko wahasibu, wauguzi wa hospitali binafsi, mafundi na maofisa mauzo. Vyama vya wafanyakazi kama TUICO, cha viwanda na biashara, vinapokaa na waajiri kupitia upya mikataba ya hali bora, ngazi za mishahara na jedwali la posho viingizwe kwenye mkataba wenyewe na nakala ibandikwe mahali pa kazi, kama tunavyobandika matangazo ya usalama.